Mwani wa ndevu nyeusi: kusugua peke yake hakutoshi

Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja Shella, hapa hapa Malindi, tangi la samaki la lita 120, na bi mkubwa mwenyewe kanifungulia mlango na mswaki wa kusugulia mkononi. Akanambia mwanangu, mie nimesugua mpaka bega lauma, mwani huu naung'oa leo baada ya siku kumi umerudi na wenziwe.

Nikainama nikaangalia. Haukuwa ule ukoga wa kijani wa kwenye kioo, ule ukipitisha wembe unatoka, huo hata mtoto anaumaliza. Hivi vilikuwa vishungi vyeusi vyeusi vimeota kingoni mwa majani ya anubiasi, mmea wa tangini, kwenye mdomo wa filta, mpaka mgongoni mwa kobe wa plastiki, yaani kobe ana ndevu kunishinda mie. Na ijapokuwa waonekana mweusi, huu kiukoo ni mwani mwekundu, chukua kishungi kimoja kitie kwenye spiriti utaona kinageuka chekundu. Hicho ndo kipimo changu, maabara sina.

Shida ya kusugua ni kwamba umeshika jani kama gundi, wewe wakata nywele, shina linabaki pale pale, halafu vipande ulivyokata vinaelea vinaenda kuota kwengine. Kwa hiyo kabla sijatoa dawa yoyote nikaanza maswali. Taa mnawasha saa ngapi? Alfajiri, mpaka tukilala saa nne. Na tangi lenyewe liko ubavuni mwa dirisha la mashariki! Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua huku halina likizo, mchana ni saa 12 mwaka mzima, ongeza na hiyo taa, samaki wanaishi mchana wa saa 16 na mwani nao unashiba saa 16.

Maji mnabadilisha? Tunajazia kila Ijumaa.

Hapo nikavuta kiti nikakaa, manake hili nalikuta nyumba nyingi. Kujazia si kubadilisha. Kaskazi ikipamba moto maji yanapungua tangini lakini kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi, naitreti na fosfeti, yaani mbolea ya mwani, zote zinabaki, wewe ukijazia na ya kisima waongeza nyingine juu ya zile za mwanzo. Na kisima chenyewe kikiwa karibu na choo cha shimo, naitreti inaweza kuwa imeshaingia kabla hujalisha hata samaki mdogo wa gupi mmoja. Nikauliza na chakula, kimya, kisha mjukuu wake akasema kwa furaha kabisa, wanapenda mahamri.

Haya, dawa. Kemisti wanauza haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, inayotakiwa ni ya asilimia 3, na soma kibandiko vizuri, ikiandikwa volyumu 10 ndo hiyo, ikiandikwa volyumu 20 ni asilimia 6 basi ichanganye na maji safi nusu kwa nusu. Ile ya saluni ya krimu usiguse, ina mambo mengine ndani. Kipimo changu sizidishi mililita 1 ya hiyo ya asilimia 3 kwa kila lita 4 za tangi, kwa hiyo kwa bi mkubwa ilikuwa mililita 30 na haikuzidi tone. Nazima filta maji yatulie, navuta dawa kwa sirinji, nainyunyiza polepole juu ya vishungi vyenyewe, utaona vinatoa povu, nangoja dakika 10 hivi nawasha tena. Vaa glavu, ikikupata kidoleni ngozi inakuwa nyeupe na inawasha. Ukiwa na kamba wadogo au zile nyasi ndefu za valisneria punguza kipimo, haziivumilii.

Siku ya pili ya tatu ndevu zinageuka waridi, halafu nyeupe, hapo ndo zimekufa. Lakini mwani mwingi ukifa kwa mpigo unaoza na kula oksijeni, na maji yetu ya nyuzi 29 au 30 hayabebi oksijeni nyingi tangu hapo, kwa hiyo pampu ya hewa iwe inafanya kazi usiku kucha, na stima ikikatika usianze dawa siku hiyo. Majani yaliyojaa sana nayakata tu, hayaponi hayo.

Watu hunishauri ninunue yule samaki mnyonya kioo. Jamani. Ndevu hizi hazili, na akikua anapita futi moja, kinyesi chake ndo mbolea ya mwani. Laiti tungeweza kumtia tafi, kule miambani anaula mwani kama mbuzi, ila ni wa maji chumvi.

Na kama chako ni utando wa kijani-buluu unaobanduka kama ngozi na unanuka, huo si mwani, ni bakteria, funika tangi siku tatu giza totoro kwa blanketi, kanga haitoshi mwanga unapita.

Bi mkubwa tumemfungia taima, taa saa kumi jioni mpaka saa nne usiku basi, dirisha limepata pazia zito, na kila Ijumaa anatoa robo ya maji ndo atie mapya yaliyolala kwenye ndoo kutwa na usiku wake. Sifongo ya filta anaisuuza kwa yale yale maji aliyotoa, si ya bomba, klorini inaua bakteria wazuri. Nilipopita juzi, wiki ya nne, ndevu zimebaki kidogo kwenye mdomo wa filta na kobe kanyolewa. Mjukuu kapewa kijiko cha chai cha kupimia chakula, ila kule nyuma ya tangi niliona chembe za hamri.