Umejaza vepu dukani, sheria ikibadilika je?

Wenye maduka wa Mwanga, hapa Kigoma, wananiuliza swali moja kuhusu sigara za kielektroniki: "Bosi, hizi vepu zinaruhusiwa?" Mimi ni wakala wa forodha, si daktari wala wakili, kwa hiyo natazama mzigo na karatasi zake. Na kwa jicho hilo, swali la maana zaidi ni hili: kanuni ikitoka leo, zile boksi ulizokwisha kulipia zitauzika?

Forodha haiihesabu vepu kuwa sigara. Sigara za kawaida ziko kwenye kifungu 2402 (kifungu ni namba ya kundi la bidhaa forodhani). Mwaka 2022 mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa uliongeza kifungu 2404, cha bidhaa zinazovutwa bila kuchomwa, zikiwamo zenye nikotini. Kifaa kitupu, kisicho na kimiminika, kikapewa namba yake, 8543.40, huko kwenye mashine za umeme. Ukinunua mzigo ambao ankara yake inasema "vifaa vya umeme" kumbe ndani kumejaa nikotini, umenunua na matatizo yake.

Sheria yetu ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ni ya 2003, na inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18. Mwaka huohuo Hon Lik, mfamasia wa China, alikuwa ndio kwanza anaunda sigara yake ya kielektroniki. Kwa hiyo usitegemee kukuta ndani ya sheria ile maelezo ya kimiminika chenye ladha ya embe. Lakini Tanzania iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na bidhaa za tumbaku sasa ziko mikononi mwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mlango wa kanuni mpya uko wazi. Majirani wengine walishapita: Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya 2015.

Marufuku kamili ndiyo inayoogopwa, ila kinachoweza kukufilisi kimyakimya ni kikomo cha nikotini. Ulaya, tangu kanuni zao za 2014, kiwango cha juu ni miligramu 20 kwa mililita, na tangi lisizidi mililita 2. Sasa chukua vepu ya kutupa uliyonayo, ile inayotupwa ikiisha, soma ubavuni. Nyingi zimeandikwa asilimia 5, yaani takriban miligramu 50 kwa mililita. Serikali ikiiga kipimo cha Ulaya, biashara yako inabaki halali lakini mzigo wako wote haramu. Hapo vepu inakuwa kama dagaa wabichi waliokosa jua: hela uliitoa, mali unayo, mnunuzi huna. Na mwenye duka la jumla Kariakoo hapokei kitu kirudi.

Muda wa kumaliza mzigo nao ni jambo la kufa na kupona. Uingereza ilitangaza nia ya kukataza vepu za kutupa mwanzoni mwa 2024, katazo likaanza Juni 1, 2025. Zaidi ya mwaka! Viwanda navyo havikulala. Vilitoa zinazofanana nazo, ila zina tundu la kuchaji. Mchuuzi wa kwetu anayepata habari za sheria kwa WhatsApp hatapata nafasi hiyo asipoitafuta mwenyewe.

Kodi ni fupi kueleza. Stempu za kielektroniki za kodi zilianza kubandikwa kwenye sigara na pombe kali mwaka 2019. Zikifika kwenye vepu, boksi isiyo na stempu itakuwa ushahidi dhidi yako.

Na mvutaji? Aliyeacha sigara kwa kutumia vepu, ukimfungia vepu, sigara bado iko kwa kila machinga, tena moja moja. Marekani mwaka 2020 ilibana vichupa vya ladha vya kuchomeka, ikaziacha zile za kutupa. Wateja, wengi wao vijana, wakahamia huko. Mimi naunga mkono udhibiti: umri, kikomo cha nikotini, na miezi ya kumaliza mzigo. Marufuku tupu sioni ikishika kwenye mji wenye ziwa, mitumbwi ya usiku, na Burundi na Kongo ng'ambo. Itamwondoa mwenye leseni na kumwachia soko asiye na duka, ambaye hatamuuliza mtoto umri. (Najua wazazi watanipinga. Sawa, ila waje na jibu la mitumbwi.)

Kama bado unataka kuagiza, agiza kidogo, utakachouza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Dai ankara inayotaja miligramu za nikotini kwa mililita, si jina la ladha tu. Muuzaji akisema "hiyo haina shida, kaka, wote wanauza hivyo," muulize namba ya kifungu aliyoingizia mzigo bandarini. Akishindwa kuitaja, usitoe hela.