Vipimo vya utendaji wa kiwanda: dhana potofu na ukweli

Dhana: mashine zisipolala, kiwanda kinafanya vizuri.

Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote. Kodi ya jengo na mishahara ya kudumu hugawanywa kwa bidhaa zote zilizotengenezwa, hata ambazo hazijauzwa. Ukiongeza katoni, kila moja hubeba gharama ndogo zaidi, na zilizobaki ghalani hubaki na fungu lao la gharama, lisihesabiwe hadi ziuzwe. Vitabu vitaonyesha faida ilhali fedha taslimu imegeuka shehena isiyo na mnunuzi. Kwa Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, kuzalisha kupita mahitaji ulikuwa upotevu mbaya kuliko wote, kwa sababu huficha kasoro nyingine. Tani za zamu zisizolinganishwa na mauzo hazimwambii mwenye kiwanda lolote la maana.

Dhana: ufanisi wa mashine chini ya asilimia 85 ni kufeli.

Kiwango hicho kinatokana na Mjapani Seiichi Nakajima: mashine ipatikane kwa asilimia 90 ya muda uliopangwa, kasi ifike asilimia 95 ya ile iliyokusudiwa, bidhaa zisizo na kasoro ziwe 99. Ukizidisha viwango hivyo vitatu kwa pamoja unapata karibu 85. Sasa chukua kiwanda cha rangi kinachobadilisha rangi mara kadhaa kwa siku. Lazima mitambo isimame ioshwe. Ukikibana kifikie 85, meneja atatengeneza nyeupe wiki nzima, na fundi anayetaka makopo machache ya kijani atasubiri.

Dhana: kipimo kilichofaa kwa jirani kitatufaa.

Muwa uliokatwa hupoteza sukari kila saa inayopita, kwa hiyo kiwanda cha sukari kama cha Kilombero hakina budi kufuatilia muda kutoka shambani hadi kinuni, na tani ngapi za miwa zimetoa tani moja ya sukari. Viwanda vya nguo vya Athi River vinavyouza Marekani vina presha nyingine: tarehe ya meli na mishono iliyokataliwa.

Dhana: vipimo huamuliwa na wahandisi peke yao.

Benki inataka kuona uwezo wa kulipa deni, mnunuzi anataka rekodi za ubora, mmiliki anataka gawio. Kila mmoja huacha alama yake kwenye ripoti ya mwezi. Lakini linalogusa wafanyakazi kiwandani haraka zaidi ni bonasi. Ikifungwa kwenye tani za zamu, msimamizi huahirisha kubadilisha beringi iliyoanza kulia, na gharama ya uharibifu huangukia zamu inayofuata.