Wastani haukuonyeshi damu ya mtu yeyote

Jamani hii kauli kuhusu kelele (yale mabadiliko ya kubahatisha tunayoyaweka kwenye modeli) nimeichoka: "kelele si zinajifuta zenyewe, chukua wastani tu uendelee." Kila nikikaa na watu wanaounda modeli za kihesabu za uzalishaji wa damu lazima niisikie, alafu mtu anakuja na grafu ya wastani wa simulesheni elfu moja (modeli ikiendeshwa mara elfu kwenye kompyuta), mstari umenyooka kabisa, ananambia mgonjwa ametulia.

Hazijifuti, na sababu kubwa ni ucheleweshaji. EPO, ile homoni inayoamsha uboho utengeneze seli nyekundu, ikipanda leo uboho hautoi seli nyekundu leo, ni siku kadhaa mbele, sa mfumo ukitikiswa na maambukizi au kutokwa damu, majibu yanafika hali ishabadilika, yanapitiliza juu, alafu yanashuka kupita kiasi. Bila kelele hilo wimbi linafifia taratibu mpaka mizani inarudi. Ukiweka kelele, kabla halijafa linasukumwa tena na tena, kwa hiyo halifi, na linakuwa na kipindi chake kinachoonekana, sio fujo tu. Ila kila simulesheni inapanda na kushuka kwa wakati wake, ukizijumlisha na kugawanya vilima vya hii vinafukia mabonde ya ile, unabaki na ule mstari wako ambao hakuna mgonjwa hata mmoja anayeishi juu yake! Na huo wastani wenyewe kwa kawaida hauangukii pale mlinganyo usio na kelele unapokwambia, manake mwitikio wa uboho umepinda, hauendi kwa mstari ulionyooka. Mi nasemaga chora njia za simulesheni kumi, moja moja, uziangalie, wastani baadae.

Mengine haraka haraka. Grafu kuyumba ovyo sio lazima iwe kelele: Mackey na Glass walionyesha 1977 kwamba mlinganyo wenye ucheleweshaji, bila kelele hata kidogo, unaweza kutoa keosi (kuyumba kusikotabirika ingawa hakuna bahati nasibu ndani yake), na kwa macho tu hutofautishi. Kelele huvuruga siku zote? Hapana, kuna modeli kelele ndo zinazituliza. Na nyie mnaojumlisha kelele za ukubwa uleule hata neutrofili (aina ya seli nyeupe) zikikaribia sifuri, mkipata idadi hasi msilaumu kompyuta, zifanyeni zitegemee idadi ya seli zilizopo. Alafu kiwango kimoja cha kufa kwa seli zote jamani? Seli nyekundu inaishi kama siku 120, platileti (zile za kugandisha damu) siku 7 hadi 10, neutrofili kwenye damu tunahesabu masaa.