Amarone si mvinyo mtamu, wala haukuongezewa pombe

Amarone ni mvinyo mwekundu unaotoka Valpolicella, kwenye vilima vya kaskazini mwa Verona, Italia. Chupa nyingi huonyesha kileo cha asilimia 15 au 16, na sheria ya huko hairuhusu kushuka chini ya 14. Watu wakiona tarakimu hiyo husema moja kwa moja: huu umetiwa pombe kali, kama porto, ule mvinyo mtamu wa Ureno.

Haukutiwa kitu. Vichala vya zabibu za aina ya Corvina, Corvinone na Rondinella vikishachumwa havikamuliwi papo hapo. Hupangwa kwenye vichanja au kreti, tabaka moja tu ili visibanane, ndani ya ghala linalopitisha hewa vizuri, na hukaa humo miezi mitatu hivi, wakati mwingine minne. Ukiingia ghalani mwezi Desemba utaona punje zimenywea, ganda limekunjamana, rangi imekolea hadi kukaribia weusi. Theluthi moja ya uzito, au zaidi, imeshapotea. Kilichoondoka ni maji. Sukari imebaki, na sukari hiyo ndiyo hamira huigeuza kuwa kileo. Bei yake kubwa inaanzia hapohapo: zabibu nyingi, mvinyo kidogo, kisha unatakiwa kutunzwa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa.

Basi kama zabibu zilikaushwa, si utakuwa mtamu kama sharubati? Mtamu ni ndugu yake, Recioto, ambao haumalizi kuchacha, hivyo sukari nyingi hubaki. Amarone huachwa uchache hadi sukari karibu yote iishe. Kinachowadanganya wengi ni pua. Ukiinusa glasi unasikia cheri zilizoiva mno, plamu kavu, viungo, pengine kakao. Ukipiga funda, ulimi unakuta ukavu, joto la kileo kooni na uchungu kidogo mwishoni. Ukakasi upo, lakini kwa kawaida si ule wa kukausha ufizi kama wa Barolo changa, mvinyo mwekundu mwingine wa Italia.

Yale machozi yanayotiririka ndani ya glasi hayapimi ubora. Yanaonyesha kileo tu.

Dhana inayoharibu chupa nyingi kwetu ni ile ya kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Sebuleni Mombasa au Dar es Salaam kuna nyuzi 28 au 30, na kwa joto hilo kileo cha Amarone hupanda puani na kuyafunika matunda yote. Unataka nyuzi 16 hadi 18. Iweke chupa kwenye friji saa moja na kitu, mimina kidogo kwenye glasi pana, uiache ipumue kabla ya kuonja.

Kuhusu chakula, wapo wanaoamini kwamba mvinyo wenye nguvu unahitaji pilipili yenye nguvu. Ni kinyume kabisa. Pilipili na kileo huamsha hisia ileile ya kuungua mdomoni, kwa hiyo kimoja hukizidisha kingine. Watu wa Verona huunywa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi kwa moto mdogo, na pastissada, mchuzi mzito wa nyama ya farasi, na wali wa risotto uliopikwa kwa Amarone yenyewe, na jibini iliyokomaa ya Monte Veronese. Mafuta, chumvi na protini ndivyo vinavyolainisha ukakasi. Kwa jiko la hapa ningechagua mkia wa ng'ombe uliochemka hadi nyama iachie mfupa, vitunguu vimeyeyuka mchuzini, bila pilipili na bila kukamulia ndimu nyingi. Samaki mwachie mvinyo mweupe.

Keki ya chokoleti pia haifai, ingawa wengi huisifu. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo mkavu, mvinyo huonekana mchungu na mchachu. Hapo ndipo Recioto inapostahili kufunguliwa.

Wala si lazima chupa iishe usiku huohuo. Irudishie kizibo, iweke kwenye friji, na kwa siku mbili tatu bado itakuwa nzuri, mara nyingi ikiwa imelainika zaidi. Itoe mapema kidogo kabla ya kunywa, na uinywe na vipande vya jibini ya Parmigiano iliyokomaa.