Chenga ni za kanda, filamu haina kosa

Nimeambiwa tena wiki hii kwamba filamu za zamani ni mbovu, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuhariri nimewapa kazi nyepesi: kila mtu aandike filamu anayoipenda kuliko zote katika kila muongo, tangu sinema ianze. Orodha ya kwanza kunifikia imetoka kwa kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, mwenye jicho zuri kuliko wengi waliosomea. Imeanzia 1990. Nikamuuliza ile miaka ya nyuma kamwachia nani. "Mwalimu, za zamani hazina kwaliti," akasema. "Picha chenga tupu, na watu wenyewe wanatembea mbio mbio."

Chenga ni za kanda na mbio ni za mashine. Filamu yenyewe haijakosa kitu. Ni kuonja zabibu ya Dodoma iliyoshinda siku nne ndani ya boksi stendi, halafu unatangaza kwamba Wagogo hawajui kulima.

Tuanze na hizo mbio, maana ndizo zinazonikera zaidi. Kamera za enzi za filamu bubu zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha alikamata fremu, yaani picha moja moja, 16, au 18, au 20 na zaidi kwa sekunde, kutegemea mkono wake, mwanga, na ubahili wa tajiri wake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi kasi ifungwe, kwa sababu sikio halina uvumilivu wa jicho: ikawa fremu 24. Sasa chukua kilichopigwa kwa fremu 16, kipitishe kwenye mashine ya 24. Kila mtu anakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake. Bibi harusi anakimbia, mwenye huzuni anakimbia, jeneza nalo linakimbia. Wewe unacheka, unasema watu wa kale walikuwa vituko. Na televisheni zetu za fremu 25 zikaongezea zao: filamu ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zinakuwa nyembamba kidogo. Hilo hata wahariri wenzangu wengi hawalisikii.

Vitabu hufunga mjadala hapo. Mimi siwezi, kwa sababu kasi moja sahihi haipo. Wachekeshaji kama Chaplin na Buster Keaton walipunguza makusudi mzunguko wa kamera ili kichekesho kiende mbio kwenye kioo. Wenye majumba ya sinema nao waliharakisha mashine ili wapate kuingiza onyesho jingine usiku huohuo. Kwa hiyo mtu akikwambia amerudisha filamu bubu kwenye kasi yake ya asili, muulize asili ya nani: ya mpiga picha au ya mwenye ukumbi? The General ya 1926, ambayo ndiyo chaguo langu la miaka ya 1920, nimeicheza kwa kasi mbalimbali kwenye kompyuta. Ukiipunguza, treni inakuwa na uzito wa chuma kweli, lakini Keaton anapoa. Ukiipandisha, Keaton anachekesha na treni inakuwa ya kuchezea watoto. Nimebaki katikati na sina raha. Bado ni chaguo langu, kwa sababu ile treni inayotumbukia mtoni pamoja na daraja linaloungua ni treni ya kweli, iliporomoshwa kweli kule Oregon, na hapakuwa na nafasi ya kusema turudie.

Miongo miwili ya kwanza ya karne ya ishirini nitaipita haraka. Miaka ya 1900 nampa Georges Méliès na filamu yake ya safari ya mwezini ya 1902, dakika kama 14 tu. Na kwa wanaodhani zamani hapakuwa na rangi: nakala zake nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, fremu moja moja, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier mjini Paris. Miaka ya 1910 ni The Immigrant ya Chaplin, 1917, kwa ile sehemu ya mgahawani. Ila jua unachagua kwenye masalia. Karibu asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea kabisa, nyingine kwa moto, maana filamu ya nitreti inawaka vibaya mno, na nyingine zilitupwa tu kwa kuwa hazikuwa zikiingiza pesa tena. Inawezekana filamu ambayo ningeipenda kuliko zote za muongo huo iliungua kabla babu yangu hajazaliwa.

Miaka ya 1930 ni M ya Fritz Lang, 1931. Muuaji anajulikana kwa mluzi wake. Sauti ina miaka michache tu tangu iingie kwenye sinema na huyu bwana tayari anajua wapi aizime. Inatosha.

Ya 1940 ni Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, 1948. Mtu kapata kazi ya kubandika mabango, kazi inataka baiskeli, baiskeli inaibwa siku ya kwanza. Stelingi wake, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji. Niliwaonyesha vijana bila utangulizi wowote na hakuna aliyeuliza habari ya rangi. Mmoja alichouliza ni kwa nini hawakufunga kufuli.

Miaka ya 1950 imenipa tabu. Wazee wa hapa mjini wangenitaka niseme Mother India ya 1957, na ni kweli, ukame na mkopeshaji vikikutana kwenye kioo, mtu wa Dodoma hahitaji mkalimani. Mwisho nimechagua Pather Panchali ya Satyajit Ray, 1955, filamu yake ya kwanza, iliyochukua miaka kadhaa kwa sababu fedha zilikuwa zinakatika. Watoto wawili wanakimbia kwenye majani marefu kwenda kuona treni inapita. Waliokulia Saranda na Kintinku, kando ya reli ya kati, waliielewa kabla treni haijatokea. Walioijua treni kwa SGR, ile reli mpya ya umeme, walisubiri mlipuko.

Sasa miaka ya 1960, na hapa kuna ubishi wa kila mwaka. Lazima atokee mtu aseme tuchague Hatari! ya 1962, eti ni yetu, ilipigwa Tanganyika, ina jina la Kiswahili, ina John Wayne. Faru wanakimbia vizuri, sikatai. Lakini mle ndani sisi tunabeba kamba. Chaguo langu la muongo huo lina dakika kama 20 na halina faru hata mmoja: Borom Sarret ya Ousmane Sembène, 1963. Dereva wa mkokoteni wa farasi anahangaika na abiria wasiolipa pale Dakar, mpaka anapotokea bwana mwenye suti anayetaka kupelekwa mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anauchukua mkokoteni. Bwana mwenye suti anaondoka. Waonyeshe madereva wa bajaji waliowahi kufukuzwa katikati ya mji, halafu kaa pembeni usikilize watakavyoizungumzia. Sembène alikuwa amefanya kazi bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima, kwa kuona kwamba watu wake wengi hawasomi vitabu. Sauti ya filamu hii iliwekwa baadaye, na inasikika hivyo. Sijali.

Turudi kidogo kwenye nakala, maana miaka ya 1970 huwezi kuizungumza bila nakala. Sisi tulioikuta sinema kwenye vibanda umiza, kwa deki na televisheni ya kichogo, hatukuiona Sholay. Tuliona sehemu yake. Ile filamu ya 1975 ilionyeshwa kwa upana wa mara mbili na zaidi ya kimo chake. Televisheni ya zamani ilikuwa karibu mraba. Ili picha ijae kioo, mtengeneza kanda alikata pembeni, na hesabu ni rahisi: karibu asilimia 40 ya picha imebaki nje. Adui anaongea na mtu asiyeonekana. Bastola inaingia kwenye picha bila mwenyewe. Tukafikiri Wahindi hawajui kupanga kamera! Siku hizi kosa limegeuka: kioo ni kipana, filamu ya zamani ni nyembamba, na mwenye kibanda anaminya rimoti mpaka Chaplin anakuwa na mashavu ya mbunge. Ukimwambia arudishe umbo la kwanza, anakuonyesha ile mistari myeusi pembeni na kulalamika kwamba kioo alikilipia chote.

Kuna na mwisho wa Sholay. Filamu ilivyotengenezwa kwanza, Thakur mwenye kisasi anamuua jambazi Gabbar Singh. Wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, ukapigwa mwisho mwingine ambamo polisi wanawahi. Kwa hiyo hata tukipata picha nzima, kona zote zikiwepo, bado tunabishana Sholay ni ipi. Naichagua hata hivyo, ikiwa na mwisho wake wa kwanza.

Hapa lazima nikiri jambo linalotia ufa hoja yangu. Filamu niliyoitazama mara nyingi kuliko zote za muongo huo si Sholay, ni The Big Boss ya Bruce Lee, 1971, kwenye kanda iliyochoka, na mtafsiri akimwaga Kiswahili juu yake kwa mtindo ule wa Lufufu, mtafsiri maarufu wa kanda, mtu akipigwa ngumi anatajiwa na mtaa aliotoka. Baadaye nikapata nakala safi iliyokarabatiwa. Rangi zimekaa, damu ni nyekundu, na mimi nikapoa kabisa. Ningependa kusema huo ni utoto wangu tu unaongea. Lakini filamu za Hong Kong za wakati ule zilipigwa bila sauti, maneno yakabandikwa studio baadaye. Hata za Italia zilifanywa hivyo. Kwenye The Good, the Bad and the Ugly kila mwigizaji aliongea lugha yake na sauti zikapangwa mwishoni. Kwa hiyo yule mtafsiri hakufuta sauti ya asili ya Bruce Lee, kwa sababu haikuwepo. Alikuwa mbandikaji mwingine kwenye foleni ya wabandikaji. Nikiwaambia vijana kwamba nakala si filamu, kumbukumbu ya ile kanda inanicheka.

Ya 1980: najua mnamtaka Komando wa Schwarzenegger. Mchukueni. Mimi nakwenda na Arusi ya Mariamu ya 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, dakika 36 kuhusu mwanamke anayeumwa na anayeogopa waganga wa jadi. Ni ya kwetu kweli, na humu ndani hatubebi kamba ya mtu. Ya 1990: Children of Heaven ya Majid Majidi, Iran, 1997, ndugu wawili wanaogawana jozi moja ya viatu kwenda shule. Sina la kuongeza. Anayehitaji maelezo hajawahi kuvaa viatu vya kaka yake.

Halafu tunaingia kwenye kipindi ambacho kijana wangu wa Nkuhungu anakiita cha kwaliti, na ndipo ubishi wake unapoanguka kifudifudi. Filamu ya milimita 35 ya mwaka 1926, negativu yake, ile filamu yenyewe iliyopita kwenye kamera, ikiwa hai, ina maelezo mengi kuliko kanda yoyote ya video. Unaweza kuiskani leo ikawa kali kuliko ilivyowahi kuonekana na watazamaji wake wengi. Filamu zetu za Bongo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, na za Nigeria tangu Living in Bondage ya 1992, zilipigwa moja kwa moja kwenye kanda za video. Hakuna negativu ya kurudia. Kanda ikichoka, ndiyo imechoka. Programu za kompyuta zinazodai kuzisafisha zinabuni nyuso: nimeletewa kipande kilichosafishwa ambamo mwigizaji ana meno mengi kuliko aliyojaliwa na Mungu. Kwa hiyo ukitaka muongo wenye picha mbovu kwa asili yake, ni huo, na wala haunizuii kuupenda. Living in Bondage ilifungulia watu mlango wa kutengeneza filamu kwa kamera ya harusi. Nani anaweza kuita hilo upungufu?

Chaguo langu la miaka ya 2000 ni Moolaadé, 2004. Najua nimemrudia Sembène. Mwanamke anafunga kamba mlangoni kwake kuwalinda wasichana wanne waliokimbia ukeketaji, na hakuna mwanamume anayethubutu kuiruka. Hapa Dodoma na Singida jambo hilo si hadithi ya mbali, na nilipoionyesha wasichana walikuwa wa mwisho kuondoka. Miaka ya 2010: Supa Modo ya Likarion Wainaina, Kenya, 2018. Ya sasa, kwa muda, ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Nasema kwa muda kwa sababu muongo haujaisha, na anayechagua kipenzi chake kabla mechi haijaisha asije akalia.

Orodha zenu nazisubiri mpaka Ijumaa. Kila jina liambatane na nakala uliyoitazama: ina dakika ngapi, picha ina umbo gani, sauti ni ya nani. Usiniletee "bora duniani", hiyo sikuiomba. Nataka unayoipenda, na sababu iwe imo kwenye kioo. Na wewe uliyeniandikia Seven Samurai ya dakika 90, ile filamu ina dakika 207. Umependa sehemu ya kwanza, hata nusu haijafika. Karudi ukamalizie, hao majambazi bado hawajafika kijijini.