Kwa nini John Fogerty alishtakiwa kwa kujiiga mwenyewe?

Mwishoni mwa mwaka 1988, katika mahakama ya shirikisho mjini San Francisco, shahidi mmoja aliingia kizimbani na gitaa. Alikuwa na umri wa miaka 43. Mbele yake walikaa raia wa kawaida walioteuliwa kusikiliza kesi na kutoa uamuzi. Shahidi akaanza kupiga, akisimama hapa na pale kuwaeleza jinsi wimbo unavyozaliwa mikononi mwake: unaanzia wapi kwenye nyuzi, sauti inaingia vipi, kwa nini anapenda kwenda huku badala ya kule.

Alidaiwa kwamba wimbo wake mpya, "The Old Man Down the Road", ni nakala ya wimbo wa zamani, "Run Through the Jungle". Na huo wa zamani nani aliutunga? Yeye huyohuyo, John Fogerty, mwaka 1970, akiwa mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Creedence Clearwater Revival.

Mtu anawezaje kushtakiwa kwa kujiiba? Jibu liko kwenye sahihi aliyoiweka akiwa kijana.

Bendi hiyo ilianzia El Cerrito, mji mdogo wa California ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Mwaka 1959 wanafunzi watatu, John Fogerty, Stu Cook na Doug Clifford, waliunda kikundi walichokiita Blue Velvets. Baadaye akaongezeka Tom, kaka yake John. Mwaka 1964 wakachukuliwa na Fantasy, kampuni ndogo ya rekodi iliyojulikana zaidi kwa muziki wa jazi, nayo ikawabandika jina la Golliwogs, jina walilolichukia. Walihangaika nalo kwa miaka kadhaa bila kuvuma popote.

Mwaka 1967 kampuni ikanunuliwa na Saul Zaentz pamoja na washirika wake, na vijana wakapata jina jipya. "Creedence" lilitokana na jina la mtu aliyefahamiana na Tom, "Clearwater" likatoka kwenye tangazo la bia, na "Revival" lilikuwa lao wenyewe: kufufuka. Na kweli walifufuka. Mwaka 1969 peke yake walitoa albamu tatu, na mwaka huohuo wakapanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la muziki la Woodstock, usiku wa manane, wasikilizaji wengi wakiwa wamelala kwenye matope. Nyimbo zao tano zilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Hakuna hata mmoja uliofika ya 1.

Lakini kinachohusu kesi yetu ni mlio wao. John alikulia California, ila ukimsikiliza utaapa kwamba ni mtoto wa Louisiana, aliyezaliwa kando ya vinamasi na mito ya matope. Sauti ina mkwaruzo kama ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha. Gitaa linatetema, linarudia kipande kifupi tena na tena, na ngoma zinakwenda mwendo mmoja bila mapambo. Wamarekani waliuita mtindo huo roki ya kinamasi. Mistari miwili tu ikipigwa redioni, unajua ni yeye.

"Run Through the Jungle" ni mfano mzuri. Wengi mpaka leo wanadhani unahusu vita vya Vietnam kwa sababu ya neno "jungle", yaani msitu. Fogerty mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa akizungumzia wingi wa bunduki mikononi mwa raia wa Marekani. Ni wimbo mzito, na kwangu mimi ni kati ya nyimbo zao bora kabisa.

Sasa turudi kwenye mkataba. Kwa mujibu wa makubaliano yao, nyimbo alizotunga John zilikuwa mali ya Fantasy. Sheria ya hakimiliki haiulizi wimbo ulitoka kichwani mwa nani; inauliza haki zake ziko mkononi mwa nani leo. Ukishaziuza, wewe mtunzi unakuwa kama mtu aliyeuza shamba: huwezi kurudi kuvuna mahindi kwa hoja kwamba uliyapanda wewe. Ukiunakili wimbo wako wa zamani na kuutoa kama mpya, mwenye haki anaweza kukupeleka mahakamani kama angempeleka mtu mwingine yeyote.

Bendi haikudumu. Tom alichoka kuishi kwenye kivuli cha mdogo wake, akaondoka mwanzoni mwa 1971. Waliobaki wakatoa albamu moja zaidi, watatu wote wakigawana kutunga na kuimba, ikapondwa na wahakiki, na mwaka 1972 wakavunja bendi. Juu ya hayo, fedha nyingi walizoziweka kwenye benki moja ya Bahamas kwa nia ya kupunguza kodi zilipotea. John bado alikuwa amefungwa na mkataba uliomtaka aendelee kuipa Fantasy nyimbo. Ili ajinasue, akakubali kuachia mrabaha wake wa rekodi za Creedence, yaani fungu la msanii kila rekodi inapouzwa. Fikiria: rekodi zenye sauti yako zinauzwa kila mahali, na mrabaha wake haukufikii. Akakataa kuziimba kabisa. Baada ya albamu yake ya 1975, karibu miaka kumi ikapita bila albamu nyingine.

Aliporudi mwaka 1985 na albamu "Centerfield", chini ya kampuni nyingine, ilipanda hadi namba 1. Ndani yake ulikuwamo "The Old Man Down the Road". Gitaa lilelile, sauti ileile, kinamasi kilekile. Fantasy ikafungua kesi mwaka huohuo ikidai kwamba huo ni "Run Through the Jungle" uliovishwa maneno mapya.

Ndiyo maana gitaa likaingia kizimbani. Fogerty hakuweza kukana kwamba nyimbo hizo mbili zina undugu; mwenye masikio anausikia. Alichotakiwa kuonyesha ni kwamba undugu huo ni wa mtindo, namna yake ya kupiga na kuimba, na kwamba wimbo wenyewe ni mwingine. Kampuni ilikuwa na haki juu ya wimbo mmoja uliotungwa 1970. Haikuwahi kununua vidole vyake wala koo lake. Walioamua kesi walimsikiliza, wakampa ushindi.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, nami naona wanaacha sehemu yenye uzito zaidi. Kujitetea kulimgharimu Fogerty zaidi ya dola milioni moja za mawakili, na alipoomba alipwe gharama hizo, mahakama za chini zilikataa. Huko ilizoeleka kwamba mdai akishinda kesi ya hakimiliki hulipwa gharama kirahisi, lakini mdaiwa akishinda lazima kwanza athibitishe kuwa kesi ilikuwa ya kipuuzi au ya nia mbaya. Fogerty akasonga mbele hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1994 majaji wote walikubaliana naye. Jaji Mkuu William Rehnquist, aliyeandika hukumu, alisema pande zote mbili zipimwe kwa kipimo kimoja, kwa sababu anayejitetea vizuri naye anasaidia kuchora mpaka wa haki hizo unapoishia. Hatimaye Fogerty akalipwa zaidi ya dola milioni 1.3, na kesi yake inatajwa mpaka leo mawakili wa Marekani wanapobishania gharama za kesi za hakimiliki.

Kuhusu kuziimba nyimbo zake za zamani, kilichomlainisha kilitokea kabla ya kesi kusikilizwa. Mwaka 1987, kwenye klabu moja ya Los Angeles, Bob Dylan alimwambia kwamba asipoimba "Proud Mary", wimbo aliowatungia Creedence, watu watadhani ni wa Tina Turner, mwimbaji aliyeurudia. Akauimba usiku huohuo.

Na kaka yake? Tom alifariki mwaka 1990 bila wawili hao kupatana sawasawa. Hilo hakuna mahakama ingeweza kulirekebisha.

Mrabaha ulianza kurudi baada ya Fantasy kununuliwa na kampuni ya Concord mwaka 2004. Haki za utunzi zenyewe, kwa sehemu kubwa, alizipata Januari 2023, akiwa na miaka 77. Mwaka 2025 akatoa nyimbo za Creedence alizozirekodi upya pamoja na wanawe, Shane na Tyler, gitaa likitetema vilevile.