Asilimia 10 ya Ethiopia: fedha za nje na asasi za haki

Katika mafunzo ninayotoa kuhusu sheria za asasi za kiraia, kuna swali lisilokosekana: je, serikali haina haki ya kuzuia fedha za kigeni zisiingie kwenye siasa zake? Mimi hulijibu kwa mfano wa Ethiopia, kwa sababu kule zuio hilo lilitekelezwa kwa miaka kumi.

Kabla ya uchaguzi wa 2005, serikali ilizifukuza NDI, IRI na IFES, taasisi tatu za Marekani zinazosaidia chaguzi. Asasi za ndani nazo zilikatazwa kuangalia kura; zikaenda mahakamani, zikashinda. Baada ya matokeo kupingwa, vikosi vya usalama viliua watu karibu mia mbili. Chama tawala kilisadiki kwamba asasi zilikuwa mkono wa wageni, na mwaka 2009 ikatungwa Sheria Na. 621. Asasi iliyopata zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake kutoka nje haikuruhusiwa tena kushughulikia haki za binadamu, demokrasia, usawa wa kijinsia wala usuluhishi wa migogoro.

Chama cha Wanasheria Wanawake wa Ethiopia ndicho kilichokuwa kimepigania sheria ya familia ya 2000, iliyopandisha umri wa kuolewa kutoka miaka 15 hadi 18. Akaunti zake za benki zilizuiwa, sawa na za Baraza la Haki za Binadamu la Ethiopia, asasi ya kiraia inayotetea haki. Mwanamke aliyepigwa na mumewe akakosa wakili wa bure, eti kwa kulinda uhuru wa taifa! Asasi nyingine nyingi zilibadili malengo yao zikawa za maendeleo tu, ili zisifungwe.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Umoja wa Ulaya ulikubaliana na serikali kwamba fedha za mfuko wake wa asasi zihesabiwe kuwa za ndani. Fedha zilitoka Ulaya, zikapokelewa kama za Waethiopia. Kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba serikali haikujali sana pesa imetoka wapi. Ilitaka kushika bomba.

Wafadhili nao wana lawama. Kwa miaka mingi walitoa ruzuku za mradi mmoja mmoja, zenye bajeti isiyoruhusu akiba wala kodi ya ofisi baada ya mradi kwisha. Asasi haikuwa na sababu ya kutafuta wanachama wanaolipa ada, kwa hiyo sheria ilipokuja ilizikuta hazina pa kushika. Na mfanyabiashara wa Addis Ababa asingethubutu kuchangia watetezi wa haki, akijua watoza ushuru wangemfuata.

Kikomo hicho kiliondolewa na Sheria Na. 1113 ya 2019. Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 asasi kadhaa za haki zilisimamishwa, Baraza likiwemo, safari hii kwa tuhuma za kwenda kinyume na maslahi ya taifa na kutoka nje ya malengo yao. Kenya ilijaribu kikomo cha asilimia 15 mwaka 2013, Bunge likakikataa.

Tangu Marekani ilipokata misaada yake mapema 2025, ninawaomba wafadhili waliobaki wafanye mambo mawili: walipie uendeshaji wa asasi kwa miaka mitano au zaidi, na waruhusu sehemu ya ruzuku iwekwe akiba. Asasi nazo zianze sasa kukusanya ada, hata ikiwa ndogo, na ziwasomee wanachama hesabu zake kila mwaka.